Usiache mazoezi Novemba: mwongozo kamili wa michezo ya nje kwa anayeanza maisha Ulaya

Ndugu wengi waliohamia Ulaya kusoma au kufanya kazi hunieleza habari inayofanana. Mtu alifika Septemba, akapata bustani nzuri karibu na anapoishi, akakimbia wiki kadhaa kwa raha zote. Oktoba akaanza kuruka siku. Novemba akaacha. Januari akajiandikisha jimu kwa mkataba wa mwaka mzima, akaenda wiki mbili, na sasa pesa inakatwa benki kila mwezi huku mwili ukizidi kuwa mzito na moyo ukinyong'onyea.

Wengi hujilaumu kwa uvivu. Si uvivu. Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo saa ya mazoezi haihitaji kupangwa. Ukitoka kazini mapema bado kuna mwanga. Berlin, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Stockholm jua huzama kabla ya saa 9. Giza ndilo linalowatoa watu mchezoni, baridi inafuata nyuma yake. Anayejiandaa kwa baridi peke yake hununua koti zito na bado anaacha.

Hatua zilizo hapa zinafuata mwaka wenyewe, kuanzia Septemba hadi majira ya joto yanayofuata. Ukianza katikati, fanya hatua ya 2 na ya 3 kwanza. Saa ninazotaja ni za Kiswahili: saa 3 asubuhi ni 9:00 kwenye simu yako.

## Vifaa vya kuandaa

Usivinunue vyote vikiwa vipya. Ulaya ina mitumba ya michezo ya hali ya juu sana, kupitia tovuti hizi: Kleinanzeigen kwa Ujerumani, Marktplaats kwa Uholanzi, Blocket kwa Sweden, Finn kwa Norway. Sweden kuna pia Fritidsbanken, mahali pa kuazima skii (mbao za kutelezea kwenye theluji), viatu vya kutelezea barafuni na mipira bila malipo kwa siku 14, na Norway wana BUA kwa kazi hiyohiyo. Usione haya kuingia. Wenyeji wenyewe huazima huko.

- Raba za kukimbilia zinazokutosha ukiwa na soksi nene. Hapa usibane pesa. Chagua soli yenye meno, kwa sababu majani yaliyolowa ya Oktoba yana utelezi mbaya.
- Fulana mbili za mikono mirefu, za kitambaa cha michezo au sufu ya merino. Jezi yako ya Simba, Yanga au Gor Mahia inafaa kabisa kuvaliwa chini yake.
- Jaketi jepesi la kuzuia upepo. Koti la baridi la mtaani liache nyumbani.
- Taitsi ndefu, glavu nyembamba na kofia ya kufunika masikio. Mwenye rasta au misuko minene atapata nafuu zaidi kwa ukanda mpana wa masikio kuliko kofia inayobana.
- Kizibao cha reflekta, kilekile cha bodaboda, na taa ya kichwani.
- Mafuta ya mgando ya midomo, mashavu na vifundo vya vidole. Upepo mkavu hupasua ngozi.
- Kitambulisho na simu yenye chaji. Uholanzi sheria inamtaka mtu wa miaka 14 na kuendelea aweze kuonyesha kitambulisho akiombwa na polisi. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi huangusha betri ghafla.
- Bima. Uliza kama ya afya inagharamia majeraha ya michezoni. Ujerumani ongeza bima ya kulipia hasara unayoweza kumsababishia mtu mwingine, hasa kama utaendesha baiskeli.

Kuna jambo jingine ambalo duka la michezo haliuzi. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na jua la Ulaya ya kaskazini kuanzia Oktoba hadi Machi ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika vuli na majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Mwombe daktari ushauri au kipimo. Uchovu ambao mtu anauita uvivu unaweza kuwa na sababu ya kitabibu.

## Hatua ya 1: Weka siku mbili za kudumu kabla ya mwisho wa Oktoba

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Siku moja baadaye jioni inaonekana imefupishwa ghafla, na hapo ndipo wengi huanguka. Ukisubiri mpaka wakati huo ndipo upange ratiba, umechelewa.

Chagua siku mbili tu kwa wiki, kila moja na saa yake. Ya kwanza iwe asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Ya pili iwe siku ya kazi, na kama inawezekana iwe saa ya chakula cha mchana. Najua watu wanapenda jioni. Lakini mwanga wa mchana, hata ukiwa wa mawingu, husaidia usingizi na hali ya moyo, na nusu saa ya kukimbia au kutembea kwa kasi inaingia kwenye mapumziko ya saa moja.

Unayefanya kazi za zamu, kwenye nyumba za wazee, hospitali au ghala, usijifunge kwa saa ya ukutani. Jifunge kwa mwisho wa zamu. Beba nguo za mazoezi kazini, badilisha hukohuko, kimbia kabla ya kuingia nyumbani. Baada ya zamu ya usiku punguza: dakika 20 za kutembea kwa kasi zinatosha, kisha ulale.

Onyo: usianze na siku tano kwa wiki. Utaweza Septemba na utashindwa Novemba, na kushindwa huko ndiko kutakukatisha tamaa.

Umefaulu ikiwa: saa inaporudishwa nyuma, watu unaoishi au kufanya kazi nao wanajua siku zako bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Tafuta njia moja na uikague usiku

Si bustani tano. Njia moja, ya kilomita tatu hadi tano, unayoweza kuifuata bila kutazama simu. Ikague mara mbili, mchana na tena giza likiingia, ukitazama taa, mashimo, vivuko na saa ya kufungwa.

Saa ya kufungwa ndiyo wageni husahau. Tempelhofer Feld ya Berlin, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kuwa bustani mwaka 2010, ni mahali pazuri ajabu pa kukimbilia: tambarare, hakuna magari, upepo mtupu na anga pana. Lakini mageti yake hufungwa jua linapozama. Wakati wa baridi mtu anayetoka kazini saa 11 jioni hukuta yamefungwa. London, Hyde Park huwa wazi hadi saa 6 usiku, wakati Regent's Park hufungwa giza linapoingia. Soma kibao cha getini kabla hujaipenda bustani.

Vienna kuna Hauptallee ndani ya bustani ya Prater, barabara iliyonyooka ya zaidi ya kilomita 4 katikati ya miti, isiyo na magari. Hapo ndipo Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019. Ni barabara ya umma. Unavaa raba zako unakimbia palepale alipopita, bure, siku yoyote. Kama unaishi Vienna na hujafika, nenda wiki hii. Amsterdam wana Vondelpark, ambayo mzunguko wake ni zaidi kidogo ya kilomita 3. Stockholm, Oslo na miji mingine ya Skandinavia kuna njia za msituni zenye taa, zilizojengwa makusudi kwa giza. Sweden tafuta kibao cha elljusspår, Norway lysløype. Hizo ni bora kuliko bustani nyingi za katikati ya mji.

Niseme na lile ambalo miongozo mingi hulikwepa. Mtu mweusi anayekimbia peke yake gizani katika mtaa asiojulikana anaweza kutazamwa vibaya au kusimamishwa, na mwanamke wa rangi yoyote ana sababu zake za tahadhari. Reflekta inayoonekana wazi, njia ileile kila wiki na saa ileile hukufanya uwe sura inayojulikana. Acha sikio moja bila spika. Mwambie mtu unapotoka na unaporudi. Mahali pakikutia wasiwasi, paache bila kujieleza kwa yeyote.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuimaliza njia yako usiku bila kusimama kutafuta ramani.

## Hatua ya 3: Jifunze kuvaa, kwa sababu hapa ndipo wengi huumizwa

Kosa la kawaida ni kuvaa nguo nyingi mno, tena za pamba. Unatoka umejifunga, dakika kumi baadaye unatiririka jasho, pamba inalowa na kukaa hivyo, kisha unasimama kwenye taa za barabarani na upepo unapita. Hapo mwili unapoteza joto haraka kuliko kama ungevaa vichache. Mtu anaumwa mafua na kuapa hatakimbia tena hadi Aprili. Mafua yenyewe huletwa na virusi, lakini kutetemeka ukiwa umelowa kunatosha kumchukiza mtu mchezo.

Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya linaloonyeshwa kwenye simu. Ikionyesha nyuzi 5, vaa kwa nyuzi 15.

Nyuzi 10 na zaidi: jezi na fulana ya mikono mirefu, basi. Kati ya 10 na 0: ongeza taitsi, glavu, masikio yafunikwe, jaketi la upepo likihitajika. Chini ya 0: fulana mbili za michezo, jaketi, skafu nyembamba mdomoni. Tabaka la ndani linatoa jasho mwilini, la kati linashika joto, la nje linazuia upepo. Kila moja lina kazi yake, na koti moja zito haliwezi kuzifanya zote tatu.

Pasha mwili moto ndani kwa dakika tano, kwa kupanda ngazi au kuruka papo hapo. Ukitoka mlangoni unatakiwa uhisi baridi kidogo; isipohisiwa, umevaa sana. Anza safari ukikabili upepo na urudi ukiwa mgongoni, maana jasho jingi huja mwishoni. Ukifika nyumbani vua nguo zilizolowa mara moja, kabla ya kujibu ujumbe kwenye simu.

Onyo: vidole au ncha za masikio zikifa ganzi, kuwa ngumu, au ngozi ikigeuka ya kijivu kama yenye nta, ingia ndani. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu au weupe unaoelezwa kwenye mabango. Pasha kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, na hisia isiporudi nenda hospitali. Mwenye pumu aongee na daktari kwanza, kwa kuwa hewa kavu ya baridi huweza kuiamsha.

Umefaulu ikiwa: dakika ya kumi unajisikia vizuri, na ukirudi mgongo una unyevu lakini hutetemeki.

## Hatua ya 4: Nenda mahali ambapo watu wanakusubiri

Nyumbani tuna vikundi vya jogging vya mtaani, jezi za rangi moja, nyimbo njiani na supu mwishoni. Ulaya wengi hukimbia kimya, na upweke huo unachosha kuliko kilomita zenyewe. Dawa rahisi niliyoiona ni parkrun.

Ni mbio au matembezi ya kilomita 5, kila Jumamosi asubuhi, bila malipo. Ilianza Bushy Park, London, Oktoba 2004, na sasa ipo katika miji mingi ya Uingereza, Ireland, Ujerumani, Uholanzi, Poland, Italia na nchi za Skandinavia. England huanza saa 3 asubuhi, Scotland saa 3 na nusu. Kwingine angalia ukurasa wa bustani yako. Berlin kuna ya Hasenheide, Stockholm ya Haga.

Fanya hivi. Jiandikishe mtandaoni mara moja tu. Usajili huo unatumika nchi zote na haulipiwi kamwe. Utapewa msimbopau wako. Uchapishe kwenye karatasi ndogo au uuhifadhi kwenye simu, kwa sababu usipokuwa nao muda wako hautarekodiwa. Fika robo saa kabla, utafute anayetoa maelezo kwa wageni, na jibu swali la "umetoka wapi" kwa uchangamfu, maana hapo mazungumzo huanza. Ukimaliza unapewa kidude chenye nafasi uliyoshika, kinasomwa pamoja na msimbopau wako, na matokeo huja kwa barua pepe.

Anayeogopa kuwa wa mwisho asiogope. Daima kuna mtu wa kujitolea anayetembea nyuma ya wote, kwa hiyo nafasi ya mwisho imeshachukuliwa. Kutembea kilomita zote tano kunaruhusiwa kikamilifu.

Wiki ya tatu au ya nne jitolee: kushika saa, kusoma misimbo, kuelekeza njia panda. Wakimbiaji hupita mbio na kuondoka. Waliojitolea hukaa, hunywa kahawa pamoja na kukumbukana majina. Kwa mgeni asiyejua lugha ya nchi vizuri, hili ni darasa la lugha pia.

Umefaulu ikiwa: ukikosa Jumamosi moja, mtu anakuuliza Jumamosi inayofuata ulikuwa wapi.

## Hatua ya 5: Ingia klabu, ila soma masharti

Kwa mpira wa miguu, kikapu, wavu au riadha ya ushindani, mlango wa Ulaya ni klabu ya mtaa. Ujerumani inaitwa Verein, na karibu kila mtaa unayo. Ada yake mara nyingi ni nafuu kuliko jimu. Waandikie ukiomba Probetraining, yaani mazoezi ya majaribio, ambayo kwa kawaida hayalipiwi. Taja umri, nafasi unayocheza na lugha unazoongea. Wasipojibu, nenda uwanjani siku ya mazoezi umwone kocha ana kwa ana.

Mwanafunzi aanze na michezo ya chuo, Hochschulsport kwa Ujerumani. Ni bei ndogo mno, lakini masomo yanayopendwa hujaa upesi sana siku ya usajili. Weka kengele kwenye simu.

Mambo mawili huwakwamisha wengi. La kwanza ni kujitoa: klabu nyingi hukubali ujitoe mwisho wa nusu mwaka au mwaka tu, tena kwa maandishi na kwa taarifa ya mapema. Uliza kabla ya kusaini. La pili linamhusu aliyewahi kusajiliwa na timu chini ya TFF, FKF au shirikisho jingine: hata kwa mchezaji wa ridhaa asiyelipwa, kanuni za FIFA zinadai cheti cha uhamisho wa kimataifa kabla hujacheza mechi rasmi nchi nyingine. Mwambie kocha siku ya kwanza, aombe mapema. Ukificha, klabu inaweza kuadhibiwa.

Asiyetaka klabu ana viwanja vya wazi: Bolzplatz kwa Ujerumani, Cruyff Court kwa Uholanzi. Fika jioni, simama pembeni, uliza kwa ishara kama wanahitaji mtu. Mpira unaongea.

Ndugu Waislamu: Ramadhani za miaka hii zinaangukia miezi ya mwisho ya baridi, mchana bado mfupi, kwa hiyo mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari yanawezekana. Kwa kuogelea, wanawake waulize bwawa la mtaa kama lina saa za wanawake peke yao. Miji mingi inazo. Masharti ya mavazi hutofautiana mno. Ufaransa mabwawa mengi ya umma hayaruhusu burkini, wala bukta pana kwa wanaume.

## Hatua ya 6: Baiskeli, baada ya kutazama siku kadhaa

Usipande siku ya kwanza. Kaa kwenye njia panda kubwa uangalie watu wanavyofanya. Copenhagen anayetaka kusimama huinua mkono kwanza, ili wa nyuma asimgonge. Anayekwenda polepole hukaa kulia. Uholanzi ni kosa kushika simu ukiendesha tangu Julai 2019, na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima gizani.

Waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda wana hatari ya ziada: macho yetu yamezoea magari kushika kushoto. Nje ya Uingereza, Ireland, Malta na Cyprus, Ulaya hushika kulia, na gari la kwanza kukufikia unapoingia barabarani linatoka kushoto kwako. Liseme kwa sauti kila njia panda mpaka lizoeleke: kushoto kwanza. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi hawana shida hii Ulaya bara, ila watakuwa nayo London.

Reli za tramu zivuke kwa pembe mraba. Tairi likiingia kwenye mfereji wa reli unaanguka papo hapo, na zikilowa ni mbaya zaidi. Nunua baiskeli yenye breki nzuri na ya bei ndogo, kisha kufuli la bei kubwa. Omba risiti au maandishi ya muuzaji, kwa sababu baiskeli za wizi ni nyingi.

## Hatua ya 7: Theluji ikianguka, badilisha mchezo

Siku theluji ni mpya, kukimbia ni salama na kunapendeza. Hatari huja inapoyeyuka mchana na kuganda tena usiku: njia inaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu. Fupisha hatua, weka uzito katikati, au vaa minyororo midogo ya kufunga chini ya viatu. Barafu ikienea, acha mbio siku hiyo utembee.

Aliye Oslo ana bahati. Panda treni ya mji, namba 1, hadi Frognerseteren; watu hupanda na skii zao mkononi. Huko kuna njia za skii za msituni, na pia Korketrekkeren, mteremko wa kiledi (kigari kisicho na magurudumu cha kutelezea kwenye theluji) wa takribani kilomita 2 unaoishia karibu na kituo cha Midtstuen, unapopanda treni tena kurudi juu. Anza na kiledi, kwa kuwa hakihitaji somo. Skii za tambarare omba mtu akufundishe kwanza kusimama na kuanguka.

Maonyo mawili. Usitembee kwa miguu juu ya mistari iliyochongwa kwa ajili ya skii. Unaharibu kazi ya watu na utakaripiwa kwa haki. Na usikanyage ziwa lililoganda kwa sababu tu umeona mtu mmoja katikati. Unene wa barafu hubadilika hatua kwa hatua, hasa penye mkondo na karibu na madaraja. Nenda na wenyeji wanaopima.

## Hatua ya 8: Mwanga ukirudi, milima na maji

Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na jioni inarudi yote kwa pamoja. Usiharakishe kwenda mbali. Anza na njia zinazofikika kwa treni.

Uswisi vibao vya njia vinasomwa hivi: njano ni njia ya kawaida; nyeupe-nyekundu-nyeupe ni ya mlimani inayotaka viatu imara na miguu isiyoogopa mwinamo; nyeupe-buluu-nyeupe ni ya juu kabisa, usiiguse bila mwenye ujuzi. Saa zinazoandikwa hazihesabu mapumziko. Ongeza theluthi, na jua treni ya mwisho ni saa ngapi.

Kupe wa huku wana madhara. Vaa soksi juu ya suruali, kaa katikati ya njia, na ukirudi jikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele. Mtoe kwa kibano, ukivuta taratibu kutoka karibu na ngozi. Doa linalopanuka kwa duara siku au wiki baadaye ni la kupeleka kwa daktari. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana la kahawia au la zambarau badala ya jekundu, kwa hiyo lipige picha kila siku na umwambie daktari waziwazi kwamba uliumwa na kupe. Kusini mwa Ujerumani, Austria, eneo la Stockholm na nchi za Baltiki uliza pia chanjo ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe.

Kisha maji. Aliyekulia Tanga au Lamu anaweza kuwa mwogeleaji hodari, lakini bahari yake ina nyuzi 25 na zaidi. Maji ya chini ya nyuzi 15 hukushtua: pumzi inakatika, mtu anavuta maji. Ukipatwa, usipigane. Lala chali, elea, tulia mpaka pumzi irudi. Mshtuko hupungua ndani ya dakika moja au mbili. Ndipo uogelee. Ingia kwa miguu daima, usipige mbizi.

Anzia mahali palipojengwa kwa ajili ya kuogelea. Copenhagen kuna bwawa la bandarini la Islands Brygge, bila kiingilio, lenye waokoaji majira ya joto. Huko ujaribu kuelea chali mbele ya waokoaji, mara nyingi, siku tofauti.

Bern ndiyo hatua ya juu. Watu hutembea kando ya mto Aare hadi Eichholz, huingia, na kuchukuliwa na mkondo hadi bwawa la wazi la Marzili, ambalo nalo ni bure. Mkondo ni wa kasi na maji ni ya theluji iliyoyeyuka. Vishikizo vya kutokea vimepakwa rangi nyekundu. Anza kusogea ukingoni mapema sana, ukilenga cha kwanza ili ukikikosa bado kuna kingine. Chini zaidi kuna kizingiti cha maji kinachoua. Usiingie peke yako, usiingie baada ya mvua kubwa, na mara ya kwanza nenda na mwenyeji aliyewahi kushuka. Namba ya dharura ni 112 Ulaya nzima, na Uingereza pia inafanya kazi kama ilivyo 999.